Kibao cha Mama Mkwe

SWALI: Nina kibao cha kukatia mboga, cha mninga, alichoniachia mama mkwe. Kimebonyea katikati, kimejaa alama za kisu, na hata nikikiosha hakiishi harufu ya kitunguu. Fundi wa jirani anataka akipige msasa kisha akipake vanishi. Nikubali? – Mama J., Morogoro

JIBU: Mama J., msasa kubali, vanishi kataa. Vanishi ni ya meza na kitanda. Kwenye kibao, kisu kitaichanachana mapema tu, na maganda yake utayala kwenye kachumbari.

Kwanza kagua nyufa. Kama kuna ufa uliozama ndani, usipoteze hela, kibao hicho kimemaliza kazi. Kama ni alama tu, kisugue kwa chumvi na kipande cha ndimu, harufu itapungua, kisha kiache kikauke kabisa. Huko kubonyea msasa wa mkono hauwezi. Fundi apitishe randa hadi kinyooke. Ndipo aje na msasa namba 80, halafu 120, amalizie na 220, akifuata nyuzi za mbao. Avae barakoa, vumbi la mninga linawasha pua.

Sasa, kuna hatua ambayo wengi huiruka. Kabla ya mafuta, kipanguse kibao kwa kitambaa kibichi. Kikikauka, pitisha kiganja: kitakwaruza kama kidevu kilichonyolewa juzi, kwa sababu maji yamesimamisha nyuzi. Rudia namba 220 kwa mkono mwepesi. Ukiiruka, nyuzi hizo zitasimama siku ya kwanza utakapokiosha.

Mafuta yafuate duka la dawa. Omba likwidi parafini, ile ya kunywa wanayopewa wenye choo kigumu. Haina rangi wala harufu. Itaje jina lote, tafadhali, maana wako wanaoita mafuta ya taa parafini, na hayo ni sumu. Mafuta ya alizeti usiyajaribu, yatachachia ndani ya mbao. Paka kwa wingi pande zote mbili na kingo zake, kiache hadi asubuhi, futa yaliyobaki. Rudia mpaka mbao iache kunywa. Baada ya hapo, kila kikipauka kipake tena.

Ukishakiosha kisimamishe, kipate hewa pande zote. Usikiloweke kwenye beseni wala usikianike juani. Kitapinda, na kikipinda utarudi kwa fundi wa randa.