Kabla Ndege Haijatua: Kazi ya Kijiji katika Huduma ya Madaktari wa Ndege

Tuseme ni saa nane mchana, Loiyangalani au North Horr au kijiji kingine chochote cha kaskazini mwa Kenya ambako hospitali ya rufaa iko mbali. Mama amejifungua, mtoto analia vizuri, lakini kondo la nyuma limekataa kutoka na kanga ya tatu imelowa damu. Muuguzi wa zahanati ameshatundika dripu, ameshachoma sindano ya oksitosini, na sasa ana simu sikioni.

Ndege iko Nairobi, uwanja wa Wilson. Kutoka pale hadi mji wa Marsabit ni kama kilomita 400 kwa njia ya anga, na Cessna Caravan huzimaliza kwa saa moja na nusu hivi. Ongeza muda wa kuwakusanya rubani, daktari na muuguzi, kujaza mafuta na kupata kibali cha kuruka. Jua linazama mnamo saa kumi na mbili na nusu, na viwanja vya vijijini karibu vyote havina taa. Ukipiga hesabu utaona muda upo, ila hauna nafasi ya mchezo.

Kijitabu hiki kinahusu muda huo. Hakikuandikwa kwa ajili ya rubani wala daktari, kwani wao wana vitabu vyao. Kimeandikwa kwa walio chini: mchungaji wa mbuzi, chifu, mwenye Land Cruiser, mwalimu wa shule ya msingi, kijana wa bodaboda, mama mkwe. Tumeona ndege ikifika kwa wakati huku mgonjwa bado yuko nyumbani. Tumeona pia mgonjwa akiwa tayari, machela iko kivulini, na kiwanja kimejaa ngamia.

Ilivyoanza

Mwaka 1956, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, madaktari wapasuaji watatu walizungumza jambo moja: wagonjwa wa vijijini hawawezi kuja mjini, basi madaktari wawafuate kwa ndege. Walikuwa Michael Wood, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Kenya, Archibald McIndoe wa New Zealand na Thomas Rees wa Marekani. Mwaka uliofuata, 1957, huduma ikazaliwa. Ndiyo iliyokua ikawa shirika la Amref la leo.

Ndege peke yake haikutosha. Mtu aliye mbali hakuwa na njia ya kuiita, kwa hiyo simu za upepo zilifungwa kwenye misheni na zahanati, na wauguzi wakazoea kuzungumza na Nairobi. Anne Spoerry, daktari Mfaransa aliyejifunza urubani akiwa ameshapita miaka 40, alizunguka Marsabit, Turkana na Lamu kwa zaidi ya miaka 30 hadi alipofariki mwaka 1999. Watu walimwita Mama Daktari. Kila alipotua, kulikuwa na mikono iliyofyeka kiwanja kile.

Waaustralia walijua mapema kuliko sisi kwamba ndege peke yake haitoshi. Huduma yao ilianza Cloncurry, Queensland, mwezi Mei 1928, kwa juhudi za mchungaji wa kanisa John Flynn. Mwaka uliofuata Alfred Traeger akawatengenezea redio ya kukanyaga kwa pedali kama baiskeli, kwa sababu mashambani hakukuwa na umeme. Baadaye, mwaka 1942, wakaanza kusambaza masanduku ya dawa, kila dawa na namba yake. Mama wa shambani akieleza redioni mtoto anaumwaje, daktari alimjibu ampe dawa namba fulani, kiasi fulani. Yule mama alikuwa ameshaanza tiba kabla injini haijawashwa. Huko ndiko tunakotaka kila kijiji kifike.

Kiwanja ni cha kijiji

Kiwanja cha ndege kinaweza kuwa na bango la serikali, lakini anayejua kama ngiri amechimba shimo jana usiku ni mtu wa pale pale. Kila kijiji kichague watu wanne au watano wa kukisimamia, wanawake wakiwemo, na angalau mmoja wao akae jirani nacho kabisa.

Caravan haihitaji lami. Inahitaji ardhi ngumu, iliyonyooka, na mita 800 hadi 1,000 ni urefu unaompa rubani utulivu. Joto la mchana na mwinuko wa nchi huifanya ndege ihitaji nafasi zaidi ya kuruka, kwa hiyo kiwanja kilichotosha asubuhi kinaweza kuwa kifupi saa nane, hasa ndege ikibeba mgonjwa na wahudumu. Msikubali mtu ajenge boma au aweke ua wa miiba mwishoni mwa kiwanja. Miti ya huko ikatwe, na visiki ving'olewe badala ya kuachwa vimefichwa na nyasi.

Marubani wana kipimo chao kizuri ambacho mtu yeyote mwenye gari anaweza kukitumia: endesha kwa kilomita 70 au 80 kwa saa kutoka mwanzo hadi mwisho. Abiria akirushwa kitini, ndege haitapenda. Baada ya mvua tembea kwa miguu ukikanyaga kwa kisigino, hasa penye udongo mweusi. Udongo ule ukikauka juu hudanganya, chini bado ni uji, na gurudumu likizama ndege inaweza kuvunjika pua. Kisigino kikizama, mwambieni rubani ukweli huo kabla hajaondoka Nairobi.

Vichuguu vibomolewe vingali vidogo. Njia za miguu zinazokatisha kiwanja huchimbika taratibu zikawa mitaro, kwa hiyo zihamishwe zipite kando. Mawe yaliyopakwa chokaa yawekwe pande zote mbili ili kiwanja kionekane kutoka angani. Vijana wakichezea mpira hapo, na karibu kila mahali wanachezea, goli liwe la miti inayong'oka na lisilale hapo usiku. Yale mawe mawili ya goli la watoto ndiyo tunayoyaogopa zaidi, kwa sababu kutoka juu hayaonekani.

Sasa mifugo. Niruhusuni nieleze jambo nililoliona mwenyewe nilipokuwa muuguzi wa zahanati moja ya bondeni. Tulikuwa na kijana aliyeanguka kutoka juu ya lori. Ndege ilikuja, ikapita chini sana juu ya kiwanja, kisha ikapanda tena. Watu walidhani inaondoka. Wakakimbilia katikati ya kiwanja wakipunga shuka, wengine wakilia. Mbuzi waliokuwa wamefukuzwa kwa shida wakatawanyika upya. Rubani ikabidi azunguke mara ya pili, na ya tatu. Kijana alifika hospitalini, lakini zile dakika nilizihesabu moja moja nikiwa nimeshika kichwa chake kisitikisike, nikijua kwamba hakuna aliyetuambia jambo dogo kama lile.

Basi jueni: rubani anapopita chini mara ya kwanza anakagua kiwanja. Atarudi. Kaeni kando, wote upande mmoja, walinzi wa mifugo wawe wameshika miisho yote miwili, na watoto washikwe mikono. Kama hakuna mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo, washeni moto mdogo mbali na kiwanja mtupie majani mabichi, moshi utamwambia upepo unatoka wapi. Loiyangalani, ambako upepo wa Ziwa Turkana hauna adabu, moshi huo ni wa lazima. Uzimeni mara ndege inapogusa ardhi.

Simu moja, msemaji mmoja

Anayepiga simu awe mhudumu wa afya, na awe mmoja tu. Watu watatu wakipiga simu kuhusu mgonjwa mmoja, kituo cha uratibu hujikuta kina wagonjwa watatu. Namba za kituo ziandikwe kwa rangi kwenye mlango wa zahanati, ofisini kwa chifu na shuleni. Zikiwa kwenye simu ya mtu mmoja, siku akisafiri zimesafiri naye.

Semeni mgonjwa ana umri gani na uzito unaokadiriwa, ameumwa au ameumia nini na tangu saa ngapi, kama anajibu akiitwa, anapumua vipi, presha na mapigo ya moyo vikoje, na amepewa dawa gani. Tajeni jina la kiwanja na la kaunti, maana majina ya vijiji hufanana. Mwenye simu ya kisasa asome namba za mahali alipo kutoka kwenye ramani, mara moja kwa mwaka akiwa katikati ya kiwanja, ziandikwe palepale mlangoni. Kisha hali ya hewa, kwa lugha ya nyumbani inatosha: Mlima Kulal unaonekana hadi kileleni, au umefunikwa? Mvua imenyesha jana?

Msitie chumvi ili ndege ije haraka. Ikisemwa mgonjwa hapumui vizuri kumbe amevunjika mguu, huenda ndege imeacha mtoto wa homa ya uti wa mgongo kijiji kingine.

Baada ya hapo simu hiyo isitumike kwa lolote jingine, na mtu akae nayo pale penye mtandao.

Mgonjwa anaposubiri

Hapa mhudumu wa afya ndiye anayeongoza, na sisi wengine tunamsaidia. Mama anayevuja damu alazwe, afunikwe blanketi, kwani mtu aliyepoteza damu huhisi baridi hata jua la saa saba. Mjamzito aliye katika uchungu alale ubavu wa kushoto. Mtoto njiti awekwe ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama yake au shangazi, ndani ya nguo. Aliyeanguka kutoka juu asibebwe mgongoni wala kukalishwa kwenye bodaboda. Mlango uliong'olewa bawabani ni machela nzuri kuliko mikono sita yenye huruma.

Aliyeumwa na nyoka, hasa bafe ambaye wengine humwita moma au kifutu, avuliwe pete, bangili na shanga za mguu na mkono upesi kabla uvimbe haujazikaza. Asitembee. Kiungo kilichoumwa kifungwe kijiti kama mfupa uliovunjika, kitulie. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kuzuia damu. Jiwe jeusi la nyoka halitoi sumu. Tunajua wazee wengi wanaliamini, na tunawaheshimu, lakini tumeona viungo vilivyooza na watu waliokufa jiwe likiwa bado limebandikwa.

Liko jambo moja linalopoteza muda kuliko matope na ngamia: ruhusa. Mume yuko malishoni, baba mkwe hapatikani, na familia haitaki mama apandishwe ndege bila neno lao. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Maneno hayo yazungumzwe ujauzito ukiwa bado mchanga, kwenye kliniki, mume akiwepo: ikitokea dharura, nani anakubali kwa niaba yangu, nani atanisindikiza, nani atabaki na watoto. Mhudumu wa afya ya jamii ayaandike.

Msindikizaji kwa kawaida ni mmoja, na ndege ikijaa anaweza kukosa nafasi kabisa, kwa sababu uzito ndani ya ndege hupimwa kwa kilo. Awe na kitambulisho chake na cha mgonjwa, barua ya rufaa, kijitabu cha mama na mtoto, na mfuko mdogo wa nguo. Mafuta ya taa, petroli na viberiti havipandi.

Ndege ikishatua

Rafadha, lile panga linalozunguka puani mwa ndege, likiwa kasini halionekani kwa macho. Linaua. Hakuna mtu anayesogea mpaka limesimama kabisa na rubani au muuguzi ameita kwa mkono. Gari la mgonjwa lisimame kando likisubiri, lisiikimbilie ndege. Ikiwa ni helikopta, msiifuate kutoka nyuma kwa hali yoyote, kwa sababu panga la mkiani liko usawa wa kichwa cha mtu. Fikeni kutoka mbele, rubani akiwaona, mkiwa mmeinama, kofia na vilemba mkononi.

Fedha na damu

Safari ya ndege ni ghali. Zipo zinazolipiwa na bima, nyingine na kaunti, nyingine na wafadhili. Amref ina uanachama wa kila mwaka uitwao Maisha, na chama cha akina mama au ushirika wa wafugaji unaweza kuuliza masharti yake wakati hakuna anayeumwa. Kijiji kisichoweza kulipa hata hivyo kina cha kutoa: siku ya kufyeka, lita za dizeli za gari la kubebea mgonjwa, machela iliyoshonwa na fundi wa hapo hapo kwa turubai na mabomba mawili.

Kuna pia damu. Mtu mzima mwenye afya na uzito wa kilo 50 au zaidi hutoa mililita 450, na mwili wake hurudisha. Gari la kuchangisha damu likifika kwenye mji ulio karibu, nendeni kwa kundi. Mama yule wa saa nane mchana atatua Nairobi akiwa anahitaji damu iliyotolewa na mtu wiki kadhaa kabla.

Wekeni daftari zahanati. Andikeni saa mliyopiga simu, saa ndege ilipotua, saa iliporuka, na kilichowachelewesha, hata kama ni aibu. Kesho yake asubuhi, mmoja wa wale wasimamizi wanne au watano wa kiwanja achukue jembe apite kiwanjani, afukie alama za magurudumu kabla hazijakauka.