Anayekimbia Anywe Nini? Kijitabu cha Afya kwa Kaya

Kijitabu hiki ni cha nyumba nzima: baba anayepunguza kitambi, mama wa joging ya Jumapili, kijana wa mpira, mtoto wa mchakamchaka shuleni. Anayejua kusoma awasomee wengine.

1. Neno la kwanza

Usinywe enaji kabla ya kukimbia.

2. Kwa nini tunaanza na hilo

Nenda Coco Beach, Dar es Salaam, Jumapili alfajiri, vikundi vya joging vinapokusanyika. Utamkuta kijana ambaye hajala, wala hajanywa hata funda la maji tangu alipolala. Anafungua kichupa cha enaji (kinywaji cha kuongeza nguvu), anakimaliza kwa mkupuo mmoja, anarukaruka kidogo, anaondoka na wenzake. Ikifika saa mbili, jua limeshakaza. Moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, tumbo linavurugika, anakaa pembeni anatapika. Wenzake wanasema ni njaa, wanamletea kichupa kingine.

Wagonjwa wa namna hii tunawapokea hospitalini mara kwa mara, na wengi wao wangekuwa nyumbani wakinywa chai na familia zao.

Kopo la kawaida la mililita 250 mara nyingi lina kafeini ya miligramu 80 hivi, na sukari inayopita vijiko 6 vya chai. Kafeini inausukuma moyo hata kabla hujapiga hatua ya kwanza. Tena inakufichia uchovu: mwili unaomba upumzike, wewe unaongeza mwendo. Sukari nyingi hivyo, kwa tumbo linalotikiswa na mbio, huleta kichefuchefu na kuharisha.

Soma maandishi madogo kwenye kopo lenyewe. Mengi yameandikwa kwamba hayafai kwa watoto na wajawazito. Mwenye presha au tatizo la moyo asiguse kabisa, akimbie asikimbie.

Wapo wanaochanganya enaji na pombe Jumamosi usiku, halafu Jumapili wanakimbia. Hao wanauchezea moyo.

Tunarudia: usinywe enaji kabla ya kukimbia. Usinywe katikati ya mbio. Ukimaliza, kiu yako ni ya maji, si ya enaji.

3. Mbio zisizozidi saa moja

Maji. Basi.

4. Mbio zinazozidi saa moja

Anayejiandaa kwa nusu marathoni, au kwa kilomita 42 za Kilimanjaro kule Moshi, anatoka jasho kwa saa nyingi, na jasho linaondoka na chumvi. Huyu maji matupu hayamtoshi. Achague kimojawapo:

- ORS ya dukani, unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini. Pakiti nyingi huchanganywa na lita 1 ya maji salama. Fuata maelezo ya pakiti.
- Ya kutengeneza nyumbani: maji salama lita 1, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Koroga, onja. Ikiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga, anza upya. Itumike siku hiyohiyo.
- Maji, pamoja na ndizi au tende na kitu chenye chumvi kidogo.
- Madafu. Ni mazuri, ila chumvi yake ni ndogo. Kunywa pamoja na kitu chenye chumvi.

Umeona enaji kwenye orodha hii? Haimo.

5. Kiasi gani

Kunywa glasi moja au mbili mapema, saa moja au mbili kabla ya kuanza. Ukiwa njiani, kunywa ukisikia kiu, kidogo kidogo.

Angalia mkojo. Ukiwa wa njano hafifu, uko sawa. Ukiwa wa njano iliyokolea, kunywa maji kwanza, kimbia baadaye.

Mwenye mzani ajipime kabla na baada ya mbio. Kilo 1 iliyopungua ni karibu lita 1 ya maji. Uzito ukiongezeka, umekunywa kupita kiasi.

6. Maji nayo yakizidi yanadhuru

Mwaka 2002, kwenye mbio za Boston, Marekani, wakimbiaji 488 walipimwa damu baada ya kumaliza. Asilimia 13 walikutwa chumvi kwenye damu imeshuka kupita kiasi, hasa waliokunywa sana njiani hadi wakaongezeka uzito. Usijilazimishe kunywa.

7. Maji yawe salama

- Chemsha maji mpaka yatokote. Yapoe yakiwa yamefunikwa.
- Chupa ya dukani ambayo kifuniko chake kimeshafunguliwa, irudishe.
- Juisi ya miwa, barafu na maji ya kufunga kwenye mifuko: kama hujui maji yalikotoka, acha. Kipindupindu hakichagui mwanamichezo.
- Kikundi kisichote maji kwa kikombe kimoja. Tumieni ndoo yenye koki, kila mtu na chupa yake.

8. Mambo mengine ya kuacha

- Kukimbia na sweta zito au nailoni ili "kuyeyusha mafuta". Kinachotoka ni maji, na utayarudisha ukinywa. Joto linabaki ndani, nalo linaweza kuua.
- Kumeza diklofenaki au ibuprofeni kabla ya mbio. Mwili ukiwa umekaukiwa, dawa hizi huumiza figo.
- Bia ya "kujipongeza" kabla ya maji.

9. Mwezi wa Ramadhani

Aliyefunga akimbie baada ya kufuturu na kunywa maji.

10. Dalili za hatari

Kuongea ovyo, kupepesuka, kuchanganyikiwa, degedege, kuzimia, maumivu ya kifua. Mpeleke kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, huku usafiri wa hospitali ukitafutwa. Asiyejitambua asinyweshwe kitu chochote. Msimpe enaji "imwamshe".

11. Kwa viongozi wa vikundi

Mchango unaonunua katoni ya enaji ununue katoni ya maji na pakiti za ORS. Mwanachama akija na enaji mkononi, asianze mbio siku hiyo. Atanuna, lakini atarudi kwake mzima.

Enaji kabla ya mbio: hapana.