Utu wa kale si uzee: somo juu ya vitu vilivyochakaa

Mkatekumeni anayejitayarisha kupokea Ubatizo husikia mara nyingi fundisho la Mtume Paulo katika barua zake kwa Waefeso (sura ya 4) na kwa Wakolosai (sura ya 3), kwamba yampasa mtu kuuvua utu wa kale na kuuvaa utu mpya. Wazee wengine hulisikia fundisho hilo kwa huzuni. Kichwa kimejaa mvi, magoti yamelegea, meno yamebaki mawili matatu. Basi hudhani ya kuwa neno "kale" linawaelekea wao, na kwamba upya ni mali ya vijana wenye kusoma. Na vijana wengine hulisikia kwa majivuno, kana kwamba wamepewa ruhusa ya kuwadharau wazee. Wote wamekosea, na kosa lao latokana na kuchanganya maneno. Inafaa kuyatazama maneno yenyewe kwanza.

Kiswahili hakitumii neno moja kwa kila kitu kilichozeeka. Nguo huchakaa kwa kuvaliwa na kufuliwa. Rangi ya kikwembe huchujuka, na jua likizidi hupauka. Nyuzi zikidhoofika hutatuka, na mwisho huwa mararu yasiyofaa ila kushikia sufuria ya moto. Jembe hulika, maana udongo huula ukingo wake kidogo kidogo. Kisu kilichopoteza makali ni butu. Chuma kisichotumika huota kutu, kamba huoza, nyumba iliyohamwa huwa gofu. Kitu kilichotumika siku nyingi huitwa kikuukuu, na hapo pana jambo la ajabu kidogo: "kuu" ni neno la sifa, lakini likisemwa mara mbili lashusha. Mtu haitwi kuukuu ila kwa matusi. Mtu huitwa mzee, na hilo ni jina la heshima, hata kijana mwenye madaraka hupewa. Wenye kusema kwamba jungu kuu halikosi ukoko hawakuwa wakilicheka jungu.

Mkulima ambaye jembe lake limelika haoni haya, kwa kuwa jembe lenyewe lashuhudia kazi yake. Aone haya yule ambaye jembe lake ni zima, lakini limeota kutu nyuma ya mlango. Mwili nao ni hivyo. Paulo, ambaye kazi ya mikono yake ilikuwa kushona mahema (Matendo ya Mitume, sura ya 18), aliwaandikia Wakorinto kwamba mtu wa nje huchakaa, na huku mtu wa ndani hufanywa upya siku kwa siku; kisha akaufananisha mwili na hema. Fundi wa mahema alijua vema jinsi jua na upepo vinavyolichanachana. Mama aliyepinda mgongo kwa kuwalea watoto na kubeba kuni hana dhambi mgongoni mwake.

Utu wa kale, basi, ni nini? Ni hali ya dhambi ambayo watu wameirithi kwa Adamu, pamoja na mazoea mabaya ambayo kila mmoja ameyaongeza juu yake. Mtu asemapo uwongo mara ya kwanza, dhamiri humchoma. Mara ya kumi haimchomi tena. Hapo dhamiri haikupata amani, bali imekuwa butu. Kijana wa miaka 15 aweza kuwa na moyo wa namna hiyo, hali shati lake ni jipya. Nikodemo alipomwendea Yesu usiku, aliuliza mtu azaliweje akiwa mzee. Bwana hakumjibu kwamba amechelewa; alimfundisha habari ya maji na ya Roho. Na Ana binti Fanueli, mjane wa miaka 84, alimtambua Mtoto hekaluni, akawaeleza habari zake wote waliongojea ukombozi.

Jambo lingine halina budi kufahamika vizuri: kuchafuka si kuchakaa. Nguo iliyochafuka hupelekwa mtoni, hufuliwa, nayo huwa safi. Nguo iliyochakaa ikifuliwa huzidi kuchakaa. Maji ya mto hayawezi kuirudishia nyuzi zake. Wako wakatekumeni wanaodhani kwamba Ubatizo ni kufuliwa tu. Ubatizo huondoa dhambi kweli, lakini hufanya zaidi: humzaa mtu upya, kama Paulo alivyomwandikia Tito. Ndiyo sababu mbatizwa huvikwa vazi jeupe; harudishiwi lile la zamani likiwa limetiwa sabuni. Vazi hilo jipya laweza kuchafuka baadaye, na kwa ajili hiyo Bwana aliweka Sakramenti ya Kitubio. Ubatizo hupokewa mara moja tu, Kitubio mara nyingi.

Yesu alisema pia habari ya kiraka (Matayo, sura ya 9). Kitambaa kipya ambacho hakijapata maji kikishonwa juu ya nguo kuukuu, siku ya kufuliwa hurudi, yaani husinyaa, kikazivuta nyuzi dhaifu zilizo kando yake, na tundu likawa kubwa kuliko kwanza. Mkatekumeni avaaye medali shingoni na hirizi kiunoni ameshona kiraka. Vivyo hivyo mume aliyeandikisha mke mmoja kwa Padri, akamficha wa pili ng'ambo ya mto. Lakini isidhaniwe kwamba mke huyo wa pili atupwe kama tambara! Yeye na watoto wake wana haki zao, na namna ya kuwatunza ni jambo la kuzungumza na Padri waziwazi, mapema, kabla ya siku ya Ubatizo.

Tena si kila tambara ni la kweli. Katika kitabu cha Yosue, sura ya 9, Wagibeoni walikuja na magunia makuukuu, viatu vyenye viraka na mkate ulioota ukungu, wakasema wametoka nchi ya mbali. Kumbe walikaa karibu. Waisraeli hawakumwuliza Mungu shauri, wakaapa agano nao. Majuto nayo huweza kuvaliwa hivyo, kwa uso wa huzuni mbele ya katekista.

Maneno ya sala nayo huonekana kuchakaa. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha Shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, aliagiza mafundisho ya miaka minne kabla ya Ubatizo, na muda mrefu huchosha. Baba Yetu iliyosemwa siku ya kwanza kwa kutetemeka, husemwa baadaye huku macho yakifuata mbuzi. Hata hivyo sala yenyewe ni nzima. Kilichochoka ni moyo wa msemaji. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika hutoka katika usiku wenye giza kuvua ndagala kwa mwanga wa taa, na baada ya kazi hukagua nyavu zao, wakishona palipokatika. Yakobo na Yoane walipoitwa na Yesu walikuwa katika kazi hiyohiyo. Wavu hautupwi kwa sababu ya nyuzi tatu. Mkatekumeni aliyechoka achague neno moja la Baba Yetu asubuhi, aende nalo shambani, akalirudie polepole hata jua litue. Kesho yake achague lingine.

Maswali ya kuzungumzwa pamoja na katekista: Kwa nini nguo iliyochakaa haiponywi kwa kufuliwa? Ni kiraka gani kinachoshonwa mara nyingi zaidi katika kijiji chenu? Na mzee asemaye, "Mimi nimekwisha, wabatizeni wajukuu wangu," ajibiwe nini?