Samaki Wanne wa Julai



Kabla hujaendelea kunisoma, fungua Biblia yako kwenye Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Ni aya mbili tu, na ukisoma haraka utazipita. Zinamhusu mtu aliyekuta kiota cha ndege njiani: anaruhusiwa kuchukua makinda, lakini mama yao amwache aende zake. Mimi nilizielewa nikiwa Kigoma, na nilizielewa nikiwa nimeshashiba.

Ilikuwa Julai 2024. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja wa biashara kutoka Nairobi. Tulivuka mpaka pale Sirari kwa basi, tukalala Mwanza, kisha tukaanza ile safari ya magharibi hadi vumbi likatubadilisha rangi. Tulikwenda kujifunza biashara endelevu, yaani ile inayokupa riziki ya leo bila kuiua ya kesho. Tulibeba madaftari, maswali ya utafiti na kiburi kidogo cha watu wa jijini. Siku ya kwanza tu tukasahihishwa lugha. Mwenzetu alimwambia mama wa chakula "nipe chai", mama akamtazama tu, kimya, mpaka akasema "naomba". Na shikamoo je! Sisi tumezoea "habari" kwa kila mtu. Kule usipomwamkia mkubwa, mazungumzo hayaanzi.

Sasa, Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa. Nchi nne zinazolizunguka, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana kulipumzisha, na upande wa Tanzania uvuvi ulisimama kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane na kukua. Tulilijua hilo. Lilikuwa ukurasa wa kwanza wa mwongozo wetu wa safari.

Jioni ya pili akaja kijana mmoja nyuma ya nyumba tulikofikia, na ndoo iliyofunikwa kipande cha kitenge. Migebuka wanne, wabichi, bado wanateleza. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina wa kikundi. Nililipa. Tukawachoma, tukala na ugali wa muhogo. Niseme kweli, walikuwa watamu.

Asubuhi yake tulikwenda Katonga, kwenye mwalo. Mitumbwi ilikuwa imevutwa nchi kavu, na vichanja vya kuanikia dagaa vilikuwa vitupu. Mama mmoja mwanikaji alikubali kutufundisha. Alisema zamani walianika mchangani, lakini dagaa wa mchangani huuma meno na bei yake huanguka. Ukimwinua kwenye kichanja, hewa inapita chini na juu, anakauka upesi, anabaki safi, na mnunuzi wa mbali halalamiki. Akatueleza pia kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa hawaifuati taa, kwa hiyo tangu zamani wavuvi walikuwa na siku zao za kupumzika kila mwezi. Niliandika hilo na kulipigia mstari.

Mwenzangu akauliza kama kufungwa kwa ziwa kunamuumiza.

"Kunaniuma, mwanangu, nisikudanganye," alisema. "Sasa hivi nachemsha sabuni ya mawese, haitoshi hata ada. Lakini dagaa walishakuwa wachache, tuliona wenyewe. Tumekubali kukaa na njaa kidogo. Anayekula samaki sasa hivi anakula wangu wa Septemba."

Nilishindwa kumtazama. Kidole changu bado kilinuka mgebuka.

Hapo ndipo nilikumbuka kile kiota. Sheria ile haimkatazi mwenye njaa kula. Inamwekea mpaka: usichukue na chanzo. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, anataja namba 40 kwamba uvuvi usiodhibitiwa unamaliza aina fulani za viumbe wanaolisha watu wengi. Nenda pia namba 129, ambako anaita biashara wito wenye heshima. Mimi nilikuwa nimesomea wito huo miaka miwili, nikaufanyia mzaha kwa samaki wanne.

Ujiji tulikaa nusu siku. Wageni wengi huenda kuona mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, na sisi tulipiga picha kama wengine. Kilichonigusa zaidi ni kwamba mji huu ulikuwa kituo cha misafara ya watumwa na pembe za ndovu. Ilikuwa biashara yenye faida kubwa, na ilikula watu. Wamisionari wa Afrika, waliotumwa na Kardinali Lavigerie, walifika hapa mapema mwaka 1879. Kusini zaidi kwenye mwambao huu, Karema, ndiko alikofanya kazi Adrian Atiman. Aliibwa akiwa mtoto katika nchi ambayo leo ni Mali, akauzwa, akakombolewa na wamisionari, akasomea uganga Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akawa tabibu na katekista hadi alipofariki mwaka 1956. Mtu aliyewahi kupangiwa bei aliishi miaka zaidi ya sitini akiwatibu watu. Kijana Mkatoliki wa ziwa hili asiyemjua Atiman amtafute.

Kabla ya kuondoka niliungama. Padri aliniambia niwaeleze wenzangu na nirudishe pesa za kikundi kutoka mfukoni mwangu. Mmoja alicheka: "Samaki wanne tu! Ziwa lina kina cha zaidi ya mita 1,400." Nikamwambia kina hicho kinadanganya. Chini ya mita mia mbili hivi maji hayana oksijeni, samaki wote wanaishi kwenye tabaka la juu. Alinyamaza, ila sidhani alikubali.

Usiku wa mwisho yule kijana wa ndoo akarudi. Nikamwambia hapana, ziwa limefungwa.

"Najua limefungwa, kaka," akasema. "Sasa mama yangu ale nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimkaribisha ndani, tukala naye maharage, akamfungia mama yake sahani moja kwenye kile kitenge.