Trela ya Kulala Safarini: Gharama Yake kwa Fundi wa Nkubu

Anayeishi Nkubu yuko katikati ya nchi ambayo wageni huipandia ndege kuja kuiona. Ukielekea kusini unafika Chogoria, lango la Mlima Kenya upande wa mashariki. Ukielekea kaskazini unapita mji wa Meru, unashika njia ya Maua, kisha unateremka hadi lango la Murera la Hifadhi ya Taifa ya Meru, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1966 na ndimo wanandoa Joy na George Adamson walimomzoeza simba jike Elsa kuishi porini. Ila wenyeji wengi hawalali huko, kwa kuwa vyumba vya hotelini ni ghali na mahema ya bei nafuu huvuja kwenye mvua ya mlimani. Njia ya tatu ipo: trela ndogo ya kulala, yenye umbo la tone la maji, inayokokotwa na gari la kawaida la familia. Wamarekani walianza kujitengenezea trela hizi nyumbani katika miaka ya 1930. Fundi wa Nkubu anaweza kuitengeneza kwa vifaa vinavyopatikana hapahapa.

Makala haya yanahusu pesa: ziende wapi, na wapi usizibane. Bei nilizoandika ni makadirio ya kupangia bajeti. Zilinganishe na za maduka matatu kabla ya kulipa shilingi ya kwanza.

Anza na vipimo, maana ndivyo vinavyopanga gharama. Plaiwudi huuzwa kwa ubao wa futi 8 kwa 4. Trela ya asili ya aina hii ina urefu wa futi 8, upana wa futi 4 na kimo cha futi 4, na sababu ni hiyohiyo: sakafu ni ubao mmoja na kila ukuta ni ubao mmoja, vipande vya kutupa ni vichache. Godoro la futi 4 kwa 6, ambalo kila duka la magodoro linalo, linaingia ndani na kuacha futi 2 nyuma kwa ajili ya jiko na vyombo. Ndani utakaa, hutasimama. Ili godoro liingie bila kukatwa, kuta zifungwe kwenye kingo za nje za sakafu, si juu yake. Hapo upana wa nje utazidi ubao wa paa kwa milimita 36, yaani 18 kila upande, na pengo hilo hufunikwa na ukingo wa aluminiamu wenye pembe. Mwambie seremala mapema. Akishakata, hakuna dawa.

Sasa chini, ambako ndiko kwenye uhai wako. Mafundi wetu wa jua kali wana uzoefu wa miaka mingi wa kutengeneza mikokoteni ya punda kwa ekseli na matairi ya magari yaliyochakaa. Ujuzi huo ni mtaji, na ndio unaoifanya kazi hii iwezekane Nkubu. Lakini mkokoteni huenda mwendo wa punda. Trela yako itakuwa nyuma ya gari linalokwenda kilomita 70 kwa saa, na kiungo kilichochomelewa kwa haraka kitaachia siku utakapoingia shimoni. Kwa hiyo mwambie fundi wazi kwamba hutaki mkokoteni uliopakwa rangi.

Chesisi inahitaji bomba la mraba la milimita 50 kwa 50 lenye unene wa milimita 3. Bomba hilo lina uzito wa karibu kilo 4.4 kwa mita. Fremu ya futi 8 kwa 4 yenye mihimili minne ya kukatiza, pamoja na mkono wa mbele wa kukokotea wenye umbo la V, inatumia takriban mita 13 na kidogo. Nunua mabomba 3 ya mita 6. Kinachobaki kitatengeneza miguu ya kusimamishia trela kambini. Tenga shilingi 14,000 za mabomba, na 5,000 za vijiti vya kuchomelea, diski za kukatia, rangi ya kuzuia kutu na rangi ya juu. Wako watakaokushawishi uchukue bomba jembamba ili uokoe shilingi elfu tatu. Kataa.

Ekseli ya gari dogo iliyotumika, pamoja na springi zake, itenge kwa 25,000. Inunue kwa muuza vipuri anayejulikana na udai risiti, kwa sababu kipuri cha wizi kitakufuata mpaka ofisi ya usajili. Hakikisha rimu zina mashimo ya nati yanayolingana na ya gari lako, ili spea moja itumike kwa vyote viwili. Rimu mbili zenye matairi mazuri, beringi mpya na grisi: 16,000. Beringi za zamani usizirudishe hata kama fundi anazisifu. Vilevile usiruhusu mtu yeyote achomelee springi, kwa sababu joto huharibu ugumu wa chuma chake na itakatika bila kukuonya. Springi hufungwa kwenye ekseli kwa bolti zenye umbo la U.

Ekseli haikai katikati kabisa. Isogezwe nyuma kidogo, ili mkono wa kukokotea uweke kama asilimia 10 ya uzito wote juu ya gari. Trela nzito nyuma huanza kuyumba kwenye mteremko na inaweza kulivuta gari lote nje ya barabara. Kupima ni rahisi: pakia trela kama unavyosafiri, weka mizani ya kupimia watu chini ya kiungo cha mbele, trela ikiwa imelala sawa, kisha usome. Ikiwa trela nzima ni kilo 350, mizani ionyeshe karibu kilo 35. Ikionyesha 10, sogeza mzigo mbele, na kama haitoshi, rudisha kazi kwa fundi.

Kiungo cha kukokotea kinachokaa juu ya mpira wa chuma wa milimita 50, minyororo ya usalama na gurudumu dogo la mbele vitachukua 9,000. Minyororo iwe miwili, ipishane chini ya mkono, ili kiungo kikiachia mkono udakwe badala ya kuchimba lami. Taa za nyuma, za breki na za kupindia, riflekta, waya na plagi ya pini 7: 6,000. Mwambie fundi wa umeme apitishe waya wa ethi wake mwenyewe mpaka kwenye gari, asitegemee mguso wa kiungo cha mbele. Taa nyingi za trela huzimikazimika kwa sababu hiyo tu. Gari nalo linahitaji chuma cha kukokotea kilichofungwa kwenye chesisi yake, si kwenye bampa: 20,000.

Sehemu hii yote ya chini, pamoja na chuma cha gari, inafika 95,000. Ni zaidi ya nusu ya gharama ya trela nzima kabla ya akiba, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Boksi la juu ni nafuu zaidi na linasamehe makosa. Plaiwudi mbili za milimita 18 kwa kuta ni 11,000, moja ya milimita 12 kwa sakafu 3,500, na nne za milimita 3, ambazo hupinda kwa urahisi kufuata mgongo wa paa, 4,000. Mbavu za paa zikatwe kwa saiprasi iliyokauka au kwa grevilea, mti ule ule wa mukima unaosimama katika mashamba ya kahawa kuanzia Embu hadi Meru. Mwenye miti yake shambani anaokoa hapa; vinginevyo tenga 3,000. Mbao mbichi zitajikunja na kufungua viungo mvua ikianza, basi usione haya kumuuliza muuzaji zilipasuliwa lini.

Mabati bapa ya kufunika paa na kuta, pamoja na kingo za aluminiamu, 9,000. Povu la kuzuia baridi kati ya tabaka mbili za paa, 3,000. Bawaba, vitasa na mpira wa kuziba milango, 7,000. Dirisha lenye wavu, 3,000. Rangi, vanishi na silikoni, 7,000. Godoro, 9,000. Jumla ya juu ni 59,500. Penye silikoni usihesabu mirija. Upande huu wa mlima hupata mvua za Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, na plaiwudi ikishanyonya maji kwenye ukingo huvimba na haijirudi. Kila ukingo uliokatwa upakwe rangi kabla ya kufungwa, hata usioonekana.

Kazi ya mikono: siku 6 za fundi wa kuchomelea kwa 2,000 ni 12,000, siku 8 za seremala kwa 1,500 ni 12,000 nyingine, na fundi wa umeme siku moja 2,000. Jumla 26,000. Hesabu yote sasa ni 180,500. Ongeza asilimia 15 ya akiba, kwa sababu kitakosekana kitu, nawe unafika takriban 207,500. Atakayekuahidi trela kamili kwa laki moja atakuwa amekata sehemu ambayo huioni.

Kisha kuna sheria, na hapa wengi huanzia mwisho. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inataka trela isajiliwe kama gari linavyosajiliwa, na bamba la trela huanza kwa herufi Z. Kabla ya kununua bomba la kwanza, nenda Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA) uulize masharti ya trela iliyotengenezwa nchini: ukaguzi, namba ya chesisi, nyaraka za fundi, na leseni ya udereva inayohitajika. Weka kila risiti kwenye bahasha moja. Ieleze pia kampuni yako ya bima kwamba utakokota trela, na ujibiwe kwa maandishi. Ada za usajili, ukaguzi na bima hazimo katika hesabu yangu ya juu. Ziulize siku hiyohiyo.

Uzito nao una mipaka. Trela niliyoeleza haina breki zake yenyewe. Uingereza, kwa mfano, trela ya namna hiyo hairuhusiwi kupita kilo 750 wala nusu ya uzito wa gari linaloikokota. Ya kwetu, ikiwa na godoro, maji na mtungi wa gesi, itakuwa kati ya kilo 350 na 400, na kitabu cha gari lako ndicho kitakachokuambia kama linaimudu. Barabara ya Embu hadi Meru haina mzaha. Kwenye daraja la Nithi, kati ya Chuka na Chogoria, basi lilitumbukia bondeni Julai 2022 na watu zaidi ya 30 wakafa. Ukiwa na trela, shika gia ya chini kabla mteremko haujaanza, wala usisubiri breki zinuke. Njia ya msituni kutoka mji wa Chogoria hadi lango la Hifadhi ya Mlima Kenya, takriban kilomita 30, isahau kabisa wakati wa mvua. Safari ya kwanza iwe Hifadhi ya Meru, kwenye kambi ya umma ya Bwatherongi. Malipo ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) hufanywa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Uliza trela inatozwaje kabla ya kuondoka.

Jambo moja nasisitiza kwa uzito wote. Usiku wa mlimani ni baridi, na mtu wa huku amezoea kuingiza jiko la makaa ndani ili apate joto. Kwenye trela ya futi 4 kwa 8 hilo ni kifo. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, na watu wawili waliolala humo hawataamka. Jiko la gesi litumike nje, nyuma, mlango ukiwa wazi, na mtungi ukae nje ya boksi. Toboa matundu mawili ya hewa, moja chini na moja juu, yasiyozibika hata milango ikifungwa. Blanketi ya ziada ni nafuu kuliko yote niliyoyataja.

Kama unalala nje mara moja kwa mwaka, nunua hema zuri na uache trela. Kama familia yako hutoka kila likizo, itengeneze, na huhitaji kuwa na laki mbili kwa mkupuo. Jenga chesisi kwanza, ifunge taa, isajili, itumie kubebea hema na vyombo kwa msimu mmoja huku ukiona inavyokwenda barabarani. Plaiwudi na godoro vinunue malipo ya kahawa au ya maziwa yakiingia.