Kabla Hujatuma Habari Kwenye Grupu



Vijana wenzangu, wiki hii tuitazame Amri ya Nane pale tunapoishi nayo kila siku: kwenye magrupu ya WhatsApp. Grupu la VIWAWA, la kwaya, la jumuiya, la ukoo. Habari zinatumwa toka alfajiri hadi usiku wa manane, na nyingi zinatumwa na mtu aliyesoma kichwa cha habari tu.

Sisi wa Lindi tuna mfano wetu. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilisogelea pwani yetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ilitoa taarifa mfululizo, na Jumamosi tarehe 4 ikatangaza kwamba kimbunga kimepoteza nguvu kilipofika Mafia. Habari ya kweli kabisa. Lakini mvua kubwa ilinyesha Kilwa, na wikiendi hiyohiyo barabara ya Lindi–Dar es Salaam ikakatika maeneo ya Somanga. Abiria walikwama, na matengenezo yakachukua siku kadhaa.

Sasa fikiria. Aliyepokea kichwa cha habari peke yake, eti kimbunga kimeisha nguvu, anakata tiketi ya basi. Na anayetumiwa mwezi mmoja baadaye picha ya barabara iliyokatika, haina tarehe, anaahirisha kumpeleka mama yake Muhimbili wakati njia iko wazi. Hakuna aliyetunga uongo hapo. Habari ilikuwa nzima siku yake, ikaharibikia njiani kama samaki aliyekosa barafu.

Wengi tunajitetea: "Mimi sikuwa na nia ya kudanganya." Mtakatifu Augustino aliliona hilo zamani. Kwake, mwongo ni yule anayesema kinyume cha anachokiamini. Anayesema jambo la uongo akidhani ni kweli si mwongo, ila anaweza kuwa na kosa la pupa: amelichukua asilolijua kama analijua. Mithali 18:13 nayo inamlaumu anayejibu kabla hajasikiliza. Kutuma kabla ya kusoma ni ndugu yake.

Papa Fransisko aliutoa ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani ya 2018 juu ya habari za uongo, na akaturudisha kwa nyoka wa kitabu cha Mwanzo. Angalia mbinu ya nyoka: alichukua katazo la kweli la Mungu, akalipindisha kidogo tu. Kichwa cha habari kilichokatwa kwenye picha ya skrini kinaweza kufanya kazi hiyohiyo.

Basi, adabu ya kutuma habari ni hii:

1. Fungua linki, soma mpaka mwisho. Kama huna bando la kuifungua, acha kwanza.

2. Tazama tarehe, na uiandike. Habari za mvua, barabara, ajira na mitihani zinazeeka haraka.

3. Taja chanzo. Tuma linki yenyewe, au taja gazeti na mwandishi. Kunakili makala nzima na kufuta jina la mwenyewe ni kumnyima mtu haki ya jasho lake.

4. Sema kwa sentensi moja kwa nini unaituma. "Someni hii" haitoshi. "Wanaosafiri kesho, angalieni aya ya tatu" inasaidia.

5. Pima kama inajenga. Katekisimu (2477) inakataza hata kufichua makosa ya kweli ya mtu bila sababu ya haki.

6. Umekosea? Sahihisha palepale kwenye grupu. Kufuta kimyakimya hakutoshi, maana wengine wameshaituma mbele. Katekisimu (2487) inatudai kurekebisha madhara ya kosa dhidi ya ukweli, hata kama tumeshasamehewa.

Na ukimwona mwenzako amekosea, usimwanike mbele ya watu wote. Mfuate inbox kwanza, kama Yesu anavyoagiza katika Mathayo 18:15, ili asahihishe mwenyewe.

Swali la wiki: chukua habari tatu za mwisho ulizotuma. Ngapi ulizisoma zote?

Tuombe: Ee Yesu, uliye Kweli, utupe subira ya kusoma kabla ya kusema, ili anayetuamini asipotee njia kwa sababu yetu. Amina.