Kwenda Kasi Si Kufika

Neno "ufanisi" limekuwa wimbo katika maofisi na viwanda vyetu. Mkubwa wa kazi hulidai, naye mfanyakazi huliahidi. Lakini neno hilo moja limebebeshwa mizigo miwili, na asiyeitenganisha aweza kutoka jasho mchana kutwa asimfae mtu yeyote. Basi leo twapenda kuitenganisha.

Mzigo wa kwanza ni wepesi wa kazi, yaani kutenda jambo bila kupoteza muda, fedha wala nguvu. Wa pili ni kufaa kwa kazi, yaani kulitimiza kusudi ambalo kazi hiyo ilianzishwa kwa ajili yake. Wepesi huuliza: Tumetumia kiasi gani? Kufaa huuliza: Yule tuliyemkusudia amepata nini? Peter Drucker, mzaliwa wa Vienna aliyefundisha uongozi wa kazi huko Marekani, alitoa kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1967, akishikilia kwamba kufaa si kipaji cha kuzaliwa bali ni desturi ambayo kila mtu aweza kujifunza.

Wakazi wa Kinondoni hawahitaji kutafuta mfano mbali. Mwezi Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza kazi Dar es Salaam, katika njia ya kilomita 21 hivi kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco. Yalitengewa njia yao katikati ya barabara, nauli ikalipwa kabla ya kupanda, na sakafu ya kituo ikalinganishwa na mlango wa basi ili watu waingie upesi. Yote hayo ni wepesi wa kazi, nao wastahili sifa.

Lakini kusudi la basi si basi lenyewe kufika, bali ni mtu kufika. Abiria akisubiri kituoni saa nzima, kisha akasafiri dakika arobaini, safari yake ni ya saa moja na dakika arobaini. Msimamizi anayemkata mshahara kwa kuchelewa hatauliza basi lilikwenda kasi gani. Basi, anayepima mwendo tangu gurudumu lianze kuzunguka atapata hesabu ya kupendeza. Anayepima tangu mtu afike kituoni atapata ukweli.

Tena, karakana ya mabasi hayo iliwekwa Jangwani. Karakana iliyo karibu na mjini hupunguza safari tupu na kuokoa mafuta. Lakini Jangwani ni bonde la Mto Msimbazi, na mvua kubwa za Aprili 2018 zilileta mafuriko hadi ndani ya karakana, huduma ikasimama. Siku kama hiyo, mafuta yaliyookolewa yamfaa nini mama mwenye mtoto mgonjwa anayetaka kuvuka kwenda hospitali?

Hatusemi kwamba wepesi ni kitu cha kudharauliwa. Fundi anayeshona sare nzuri lakini akazimaliza shule imekwisha kufungwa, naye hakufaa. Anayetumia mali ya umma bila hesabu huwanyima wengine haki yao. Lakini mambo haya yana utaratibu wake: kusudi kwanza, kisha wepesi. Wahenga waliposema "Kawia ufike" hawakusifu uvivu, walisifu kufika.

Kwa hiyo, msomaji mpendwa, uwe karani, dereva, mwuguzi au mwenye duka, kabla ya kuanza kazi jiulize: Namfanyia nani? Nitajuaje kwamba amefaidika? Ndipo uulize: Nitawezaje kuifanya kwa gharama ndogo? Nanyi wazazi, mtoto akileta daftari lililojaa maandishi, msihesabu kurasa tu. Mwambieni awaeleze alichoelewa. Huko ndiko mfanyakazi afaaye aanzapo kufundishwa.